Kosa la Kutibu kwa Karibu

Usijifanye hukuiona. Uliiona. Ilikuja kwenye simu yako mchana kweupe, umekaa, umeshiba, mguu juu ya mguu: mwanamke mjamzito anarushwarushwa na kifafa chini, na nyuma yake makofi yanalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Ukasema, "Aa, haya mambo!" Ukaisukuma juu kwa kidole gumba, ikapita, ukaendelea kumtazama mbuzi aliyefundishwa kucheza ngoma. Yule mbuzi ulimcheka mpaka machozi.

Basi kwa kuwa macho uliyageuza, leo utatega masikio. Wala usiogope, si habari za kwenu. Ilitokea Tayarini, nchi ya mbali kabisa, isiyopakana na yeyote anayesoma hapa. Mtu akikwambia Tayarini inafanana na mahali unapolipia kodi, mkane mbele ya mashahidi.

Tayarini iliitwa hivyo kwa sababu huko jambo likishatangazwa huwa limekwisha. Ukiuliza barabara, tayari. Maji, tayari, kama huoni bomba ni kwa sababu unatazama kwa mtazamo mbaya. Ni nchi yenye sheria mpya nyingi kama kunguru wa jalalani, na chache za zamani ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifuta. Na wananchi wake wana usahaulifu wa kupigiwa mfano. Mwaka wa baiskeli za wagonjwa walishangilia. Baiskeli zikaishia kubeba mkaa wa katibu tarafa. Mwaka wa majokofu ya chanjo walishangilia. Majokofu yakapoza bia za mkuu wa wilaya, na ni kweli, tangu hapo hakuna bia hata moja iliyougua surua. Kisha ukaja mwaka wa vioo, wakashangilia tena, kwa mikono ileile.

*

Wizara ya Afya na Umbali ilikuwa imeumwa kichwa muda mrefu. Wagonjwa walikaa vijijini, madaktari walikaa mjini. Kuwasogeza madaktari kulishindikana, maana walikuwa na viti. Kuwasogeza wagonjwa kulishindikana, maana walikuwa wanakufa njiani na kuchafua takwimu. Ndipo Waziri, Mheshimiwa Pankrasi Mkwara, aliporudi kutoka safari ya nje na neno jipya mdomoni, akalitafuna mbele ya waandishi wa habari kama mtu anayetafuna karanga za moto: tiba mtandao. Kila zahanati itapata kioo kikubwa kama mlango. Daktari bingwa atakaa mjini, atatokea kiooni, atatibu.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Kioo hakina kosa, na ukisikia mtu anakitukana kioo ujue anataka kumficha mwenye kioo. Ubaya ulikuja kwenye hesabu. Wataalamu wa Wizara waligundua kwamba kama daktari yumo ndani ya kioo, basi yule tabibu anayekaa kando ya kioo ni marudio. Serikali haiwezi kulipa mtu na marudio yake. Kwa hiyo matabibu wote wa zahanati waliondolewa kazini kwa heshima zote, kila mmoja na fulana.

Kukabaki makabati ya dawa. Kabati bila tabibu ni kishawishi, Wizara ikasema, kwa hiyo funguo zote zilikusanywa zikatunzwa makao makuu, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mpango huu uliitwa Ufunguo wa Mbali, na ulipata tuzo.

Siku hiyohiyo methali isemayo fimbo ya mbali haiui nyoka ilipigwa marufuku. Kwenye vitabu vya shule juu yake pakabandikwa mpya: "Fimbo ya mbali huua nyoka, na nyoka hushukuru."

*

Kwenye Chuo Kikuu cha Tiba cha Taifa, mwaka wa tano, alikuwapo msichana aitwaye Siwema, mwenyeji wa Kidundakiwe, kijiji kilicho nyuma ya mlima mpaka jua hulipata limepoa. Siwema hakuingia utabibu kwa kupenda koti jeupe. Aliingia kwa sababu ya dada yake, Tunu.

Uzazi wa kwanza, Tunu alipatwa na kifafa cha mimba. Meno yaliumana, macho yakageuka meupe, povu likatoka. Mama yao alianza kulia kilio cha msiba. Akaingia tabibu wa zahanati, Nyamizi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kinu, ambaye alikuwa hawezi kumchoma mtu sindano bila kumtukana kwanza. Alipanda kitandani kwa magoti, akamgeuza Tunu ubavu, akafoka, "Nani kakuruhusu ufe? Mimi sijala tangu asubuhi, halafu wewe unataka kufa? Hebu!" Akachoma sindano. Kifafa kikanywea. Mtoto akazaliwa, akalia, Nyamizi akamtukana na yeye.

Sasa Tunu alikuwa na mimba ya pili, kubwa, na Nyamizi alikuwa na fulana. Alikuwa akilima vitunguu ng'ambo ya kijito, na anayepita akimwambia kichwa kinamuuma alimjibu, "Kaonyeshe kioo." Kioo chenyewe kilikuwa bado kimefunikwa shuka, kinasubiri kuzinduliwa.

"Siwema," Tunu alisema kwenye simu, "hali si mbaya. Kichwa tu. Na viatu vimekuwa vidogo."

"Viatu havijawa vidogo, dada. Miguu imevimba. Macho je?"

"Yanamulikamulika kidogo. Kama nyota."

Siwema alikaa chini palepale kwenye ngazi za bweni. Alikuwa amesoma vitabu vinene kuhusu nyota hizo.

"Nenda hospitali ya wilaya leo."

"Kwa gari gani? La wagonjwa linabeba maturubai. Waziri anakuja kuzindua kioo. Yaani haji, atatokea humo humo kiooni. Zahanati yetu ndiyo imechaguliwa nchi nzima, kwa sababu mnara wa simu uko juu yetu. Wajawazito wote tumeambiwa tukae mbele, tuvae vitenge, tutabasamu."

"Dada, na Nyamizi?"

"Nyamizi kakatazwa kusogelea. Wamesema akionekana ataharibu maana."

*

Kabla ya uzinduzi, Wizara ilitaka kwanza kujua madaktari wa kesho wanasemaje. Haikutaka kuwauliza, ilitaka kujua. Ukaandaliwa utafiti mkubwa wa Uelewa na Mtazamo wa Wanafunzi wa Tiba kuhusu Tiba Mtandao, na wanafunzi wote wakakusanywa ukumbini na mlango ukafungwa kwa nje ili pasiwe na usumbufu.

Uelewa ulipimwa kwa mdomo. Mtazamo ulipimwa kwa mashine: sanduku la chuma lenye mshale, lililoitwa kipimamakofi. Mshale ukilala kushoto, mtazamo hasi. Ukienda kulia, mtazamo chanya. Pembeni ya jukwaa ilifungwa taa ya kijani. Ikiwaka, mnapiga makofi. Ikizimika, mnaacha. Mazoezi yalifanyika wiki nzima badala ya somo la magonjwa ya wanawake na uzazi, na kiongozi wa makofi wa mwaka wa tano, kijana mcheshi aitwaye Gaudensi, alifikia kiwango cha kupiga kabla taa haijajua kwamba itawaka.

Profesa Ndimbo, mkuu wa kitivo, aliongoza maswali. Mheshimiwa Mkwara alikaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu kuliko vyote.

"Wewe. Tiba mtandao ni nini?"

"Ni daktari kumtibu mgonjwa bila kusumbuana," akajibu kijana wa mbele.

"Sahihi. Wewe?"

"Mgonjwa anabandika kiganja kwenye kioo, Profesa, kisha anaamini."

"Karibu sahihi. Gaudensi?"

"Tiba mtandao ni heshima, Mheshimiwa!"

Taa ikawaka. Makofi. Mshale ukalala kulia, Mheshimiwa akaukonyeza.

"Siwema."

Siwema alisimama. "Ni daktari aliye mbali kumsaidia mhudumu aliye karibu na mgonjwa."

Waziri aligeuka. "Rudia mwisho wake."

"Aliye karibu na mgonjwa, Mheshimiwa."

Profesa alikohoa kikohozi cha mtu anayetafuta mlango. Alikuwa anajua, maana somo hilo ni yeye aliyemfundisha, na kwa maneno hayohayo. "Uelewa huu," akasema polepole, "umezidi kiwango."

"Nina swali, Profesa. Kioo hakina mikono. Mgonjwa akipata kifafa cha mimba, sindano atachoma nani? Na kabati litafunguliwa na nani, kama ufunguo uko huku kwenye kiyoyozi?"

Ukumbi ukawa kimya hata mshale ukaanza kulala kushoto wenyewe. Mheshimiwa Mkwara aliinuka, akaweka vizuri tai yake, akanyoosha mkono kama anayesimamisha mvua.

"Binti yangu! Mikono, mikono, mikono! Mpaka lini tutakuwa taifa la mikono? Babu zako walilima kwa mikono, wakala kwa mikono, na wako wapi? Wamekufa! Dunia imetoka kwenye mikono, imeingia kwenye mawimbi! Nilikwenda ng'ambo, nikakaa hotelini siku kadhaa, sikumwona daktari hata mmoja, na sikuugua! Hiyo ndiyo tiba mtandao!"

Taa ikawaka. Makofi yakalipuka. Siwema alibaki amesimama, mikono imening'inia.

"Wee, piga basi," Gaudensi akamnong'oneza, huku viganja vyake vikienda. "Makofi hayauzwi. Unataka kuwa shujaa? Mashujaa hawapangiwi vituo vya kazi."

"Dada yangu ana mimba, Gaude."

"Kila mtu ana dada, Siwema. Piga."

*

Alipelekwa Kliniki ya Mtazamo. Palikuwa na chumba chenye kiti kimoja na kioo, na ndani ya kioo mwanamama mwenye miwani mikubwa, Mnyooshaji Mkuu wa Mitazamo. Kwa kuwa Wizara hutenda inachohubiri, mtazamo nao ulinyooshwa kwa mtandao. Mnyooshaji alikuwa chumba cha pili. Alipopiga chafya, Siwema aliisikia kwanza ukutani, kisha kiooni.

"Afya mama," Siwema akauambia ukuta.

"Ongea na kioo, tafadhali. Mtazamo wako umeshuka tangu lini?"

"Tangu mlipomwondoa Nyamizi."

"Ni ndugu yako?"

"Ni tabibu wetu."

"Alikuwa," Mnyooshaji akasahihisha. "Unasema mmekuwa naye karibu kwa muda mrefu?"

"Sana."

"Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mmezoeshwa kushikwa. Mtu akishikwa akiwa mdogo, akikua anataka kushikwa." Akaandika dawa: makofi asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula. "Na siku ya uzinduzi utakaa mstari wa mbele, jirani na kipaza sauti, ili tukuone unavyopona. Usipopona, mtihani wa mwisho hutafanya."

"Ninaomba kitu kimoja tu, mama. Ufunguo mmoja. Wa Kidundakiwe."

"Ufunguo?" Mnyooshaji alivua miwani. Sasa sauti yake ilitokea ukutani zaidi kuliko kiooni. "Mwanangu, mimi mwenyewe nina mkwe anayejifungua kule kwao mwezi huu. Unadhani sijauliza?" Kisha akavaa miwani, akarudi kiooni. "Kapige makofi. Anayefuata!"

*

Siku ya uzinduzi ukumbi wa chuo ulipambwa kama biharusi. Kioo kikubwa jukwaani, Waziri kando yake, utepe mwekundu mbele yake, mkasi kwenye mto. Kamera za habari zikatega. Upande wa pili, ndani ya kioo, Kidundakiwe nzima: maturubai, viti vya plastiki, zahanati nyuma, kabati la dawa linaonekana dirishani limening'iniza kufuli kama kengele ya ng'ombe. Mlinzi wa zahanati, mzee Malugu, amesimama wima kando ya kabati. Mbele kabisa wajawazito katika vitenge, na katikati yao Tunu, uso umejaa kama maandazi. Anatabasamu kama alivyoambiwa, lakini mkono mmoja umeshika paji la uso.

Siwema alimwona, akanyanyuka nusu. Mtu wa usalama akamkalisha kwa bega.

Mpango ulikuwa hivi. Wizara haikutaka kubahatisha kwa kutumia mgonjwa mgonjwa kweli. Alikuwa ameandaliwa Mgonjwa Mteule, mpwa wa mkuu wa wilaya, mwenye afya ya fahali. Angekohoa mara chache, Profesa Ndimbo angemtibu kupitia kioo, naye angerukaruka na kutikisika kwa furaha. Mwasha taa akapewa maelekezo mafupi, kwa sababu mwasha taa hakuajiriwa kuelewa: ukiona mtu anatikisika kiooni, hapo tiba imefika, washa kijani, usizime mpaka aache.

Mheshimiwa alihutubia mpaka utepe wenyewe ukalegea. Akakata. Mgonjwa Mteule akasimama, akajikoholesha.

Ndipo Tunu alipoanguka.

Hakuanguka kama mtu anayezimia. Aliinuka kwanza, kana kwamba ameitwa na mtu juu, shingo ikakakamaa, kisha akaenda chini na kiti chake. Mwili ukaanza kurushwa. Mikono, miguu, kichwa, vikipiga udongo. Kitenge kikafunguka.

Mwasha taa aliona mtu anatikisika. Akawasha kijani.

Na madaktari wa kesho wa Tayarini wakapiga makofi. Walipiga kama walivyofundishwa, kwa nguvu, kwa mpigo mmoja, nyuso zimetazama taa. Anayetazama taa hawezi kutazama kioo. Mwili ulizidi kurushwa, taa ikazidi kuwaka, makofi yakazidi. Mshale wa kipimamakofi ulikwenda kulia, ukagonga ukingo, ukavunjika. Hapo ndipo ulipopatikana mtazamo chanya wa juu kabisa katika historia ya nchi.

Hiyo ndiyo picha uliyoiona wewe. Sasa unajua makofi yalikuwa ya nani.

Siwema alimponyoka mtu wa usalama, akakamata kipaza sauti.

"Acheni! Acheni kupiga! Ni kifafa cha mimba!"

Aliyeitambua sauti kwanza alikuwa Profesa Ndimbo. Aligeukia kioo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ukawa uso wa daktari. "Mlazeni ubavu wa kushoto," akasema, na kila neno lake lilikuwa sahihi. "Msimtie kijiko mdomoni. Sindano ya kifafa cha mimba, sasa hivi, kwenye misuli. Nani yuko hapo?"

Kidundakiwe yote ikasikia vizuri kabisa. Mtandao siku ile ulikuwa safi kama maji ya chemchemi. Wakatazamana.

"Nani yuko hapo?" Profesa akarudia. "Tabibu! Muuguzi! Nani ana mikono hapo?"

Mgonjwa Mteule akakohoa, maana hakujua kama zamu yake imepita.

"Baba Malugu!" Siwema akapaza. "Shikamoo. Ni mimi, Siwema. Dawa imo kabatini, nyuma yako. Mwiteni Nyamizi. Vunja kabati."

Mzee Malugu alitazama kufuli, akatazama kioo. "Marahaba mwanangu. Mimi ndiye mlinzi wa kabati. Nikilivunja, nitajikamata mwenyewe?"

"Baba, Tunu anakufa!"

"Ninamwona, mwanangu. Ninamwona!" Akalishika kufuli kwa mikono miwili. "Mwambie Mheshimiwa aseme neno. Neno moja tu, mimi nitavunja kwa kichwa."

Watu wote, wa huku na wa kule, wakamtazama Mheshimiwa Mkwara. Alikuwa na mkasi mkononi. Alifungua mdomo. Hebu tumtendee haki: huenda alitaka kusema. Lakini mtu wa Tayarini aliyekaa juu muda mrefu hawezi kusema neno ambalo hakuandikiwa, na ukurasa ule haukuwamo. Akamtazama katibu wake. Katibu akamtazama fundi. Fundi akachomoa waya.

Kioo kikawa cheusi.

"Ndugu wananchi," akasema katibu, "kuna hitilafu ndogo ya mtandao."

Taa ikawaka kijani. Safari hii makofi hayakuwa mengi.

*

Siwema alipiga simu ya mama yake. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Wanafunzi walikuwa wanatoka ukumbini kwenda kunywa soda za uzinduzi, wanampita kama maji yanavyopita jiwe. Akapiga tena. Alijua dakika zinavyohesabiwa katika ugonjwa ule, alizisoma, akazifanyia mtihani, akafaulu.

Simu ikapokelewa.

"Mama! Mama, Tunu?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele, na ndani ya kelele sauti ya kinu: "Nani kakuruhusu? Eh? Nauliza nani kakuruhusu ufe mara ya pili! Mtu na vitunguu vyangu shambani!"

Siwema akaijua sauti ile: Nyamizi amefika.

Mama yake ndiye aliyevuka kijito. Hakusubiri kioo kimalize mkutano. Alimkuta Nyamizi na jembe, akamwambia maneno mawili, na Nyamizi akaja na jembe lilelile, udongo miguuni, akimtukana kila aliyempisha. Alinawa mikono. Akamwambia mzee Malugu, "Toka." Mzee Malugu akasema, "Siruhusiwi kutoka." Nyamizi akasema, "Basi tazama mlima." Mzee Malugu akatazama mlima. Jembe likaongea na kufuli mara moja tu.

Sindano ikaingia. Kifafa kikanywea. Maturubai yakarushwa nje ya gari la wagonjwa, na njiani, kabla ya kufika wilayani, akazaliwa mtoto wa kike mdogo kama mkate, akalia. Nyamizi akamwambia anyamaze, kuna watu wamechoka.

*

Jioni ileile Nyamizi alikamatwa. Shtaka la kuvunja kufuli la serikali lilikuwapo, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa jipya, lilitungwa kwa ajili yake: kosa la kutibu kwa karibu, bila kibali, mbele ya kioo kilichozinduliwa, kwa nia ya kukidhalilisha. Amri ikatoka kwamba kufuli lililovunjwa lihifadhiwe kama kielelezo. Tunu hakuhifadhiwa popote. Alirudi nyumbani na mwanawe, na hakuna aliyemwita kutoa ushahidi, kwa sababu mgonjwa aliyepona kwa karibu hatambuliki kisheria.

Matokeo ya utafiti yalitangazwa. Uelewa wa wanafunzi wa tiba: wa kuridhisha, isipokuwa mmoja uliopitiliza. Mtazamo: chanya mpaka mashine kuvunjika. Wizara ikaagiza mashine kubwa zaidi.

Siwema aliambiwa hatafanya mtihani. Alikuwa anafunga begi Gaudensi alipokuja akasimama mlangoni mwa bweni. Kijana mcheshi, hakuwa na kichekesho.

"Siwema, nilipiga makofi."

"Najua. Nilikusikia."

"Sikuona. Wallahi nilikuwa natazama taa."

"Hilo nalo najua."

Akavitazama viganja vyake. "Sasa mikono hii niifanyeje?"

"Ilete Kidundakiwe," Siwema akasema. "Kesho asubuhi Nyamizi anasomewa shtaka."

"Kwani hakimu atakuwepo?"

"Atakuwa kiooni. Atauliza, atajijibu, atafunga. Ila mama amekumbuka kitu." Akavuta zipu. "Kuna sheria ya zamani ya mabaraza, ya enzi za babu. Hawakuifuta kwa sababu waliisahau. Mahakama ya kijiji ikijaa watu mpaka nje, hakimu haruhusiwi kuhukumu akiwa mbali. Lazima aje kwa miguu yake mwenyewe, awatazame."

"Ikijaa watu wangapi?"

"Ikijaa. Mpaka mlango usifungike."

Gaudensi alitafakari. Kisha akaenda kuwagongea wenzake milango, mmoja baada ya mwingine, na mara hii hakungojea taa. Baadhi walitoka. Wengi walisema wana mtihani. Basi lililopanda mlima asubuhi ile lilikuwa na wanafunzi wa kutosha kujaza benchi za mbele za mahakama ya kijiji, na wajawazito wa Kidundakiwe wakajaza za katikati, na mzee Malugu akasimama nyuma kabisa, amevua kofia ya ulinzi. Kioo kilikuwa kimewashwa. Hakimu alikuwa anajisafisha koo mjini. Nyamizi, mwenye pingu, alikuwa anamtukana askari kwa kuzifunga vibaya.

Na mlango bado ulikuwa unafungika. Karani alikuwa ameshika kitasa, anausukuma mlango polepole, na nafasi iliyobaki pale kizingitini ilikuwa ya mtu mmoja.

Hapo ndipo tulipofika. Karani bado ameshika kitasa.

Unanitazama nini? Uliambiwa Tayarini ni mbali, ukaamini, kwa sababu mbali ndiko unakopenda mambo yatokee. Zahanati ya kwenu ina kabati. Ufunguo wake uko wapi? Aliyekuwa analifungua yuko wapi, analima nini? Hujui. Basi weka simu chini. Vaa viatu, au usivae. Nenda ukaulize leo hii, kwa sauti, ukiwa umesimama pale pale mlangoni, na usiondoke mpaka ujibiwe na mtu mwenye miguu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Walipiga marufuku kuisema, hawakuweza kupiga marufuku iwe kweli. Nyoka yuko miguuni mwa Tunu wa kwenu. Fimbo ya karibu ni wewe.

Inuka. Mlango unafungwa.